Paleti za mbao ndani ya nyumba ya mawe, Lamu: nizikague vipi, na nitundike vipi bila kuumiza ukuta?

BintiMkomani aliuliza:

Assalamu alaykum. Naomba ushauri wa mafundi, na wa yeyote aliyewahi kuifanya kazi hii nyumbani kwake, kwa maana nimekwisha kuharibu mbao mbili na sitaki kuendelea kwa kubahatisha.

Ami yangu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Lamu, amenipa paleti sita ambazo zilikuwa zimepangiwa mifuko ya saruji na katoni za vigae. Zilivushwa kutoka Mokowe kwa boti, na kutoka gatini zililetwa na hamali mabegani, moja moja, kwa sababu punda hakuweza kupita nazo katika vichochoro vya Mkomani. Nia yangu ni kutengeneza rafu ya vitabu vya watoto, fremu ya kioo kikubwa nilichoachiwa na marehemu bibi, meza fupi ya kuweka katika msana wa tini, yaani ukumbi wa chini, tunapokaa jioni, na kibao cha kutundikia funguo na mikoba.

Nyumba yetu ni ya zamani. Kuta zake ni za matumbawe na chokaa, dari ni ya boriti, na katika chumba cha ndani kuna zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, ambazo lipu yake imeanza kumomonyoka. Ndiyo maana nina hofu. Baadhi ya paleti zina chapa zilizochomwa kwa moto ubavuni, nyingine hazina alama yoyote, na mojawapo ina doa kubwa jeusi lenye harufu kama ya mafuta. Nitajuaje iliyo salama kukaa katika chumba wanacholala watoto? Na nizibanduaje mbao hizo, maana nilipojaribu kwa nyundo yenye kucha, kati ya mbao tatu mbili zilipasuka tangu mwisho hadi mwisho? Tena, je, ukuta wa namna hii unafaa kutobolewa kwa keekee ya umeme?

SeremalaMalindi alijibu:

Waalaykum salaam, Bi. BintiMkomani. Umefanya vyema kuuliza. Ikiwa paleti hizo tayari zimo ndani, nakuomba uzitoe leo hii uziweke uani, mbali na ngazi na mbali na nguzo yoyote ya mbao, mpaka utakapomaliza kuzikagua. Nyumba iliyoezekwa kwa boriti si mahali pa kuingiza mbao ngeni kabla hujajua zimebeba nini.

Tuanze na chapa. Paleti inayovuka mipaka ya nchi hutakiwa kutibiwa kwa mujibu wa kiwango nambari 15 cha Mkataba wa Kimataifa wa Ulinzi wa Mimea, kilichopitishwa mwaka 2002. Ndani ya kisanduku kilichochomwa utaona alama ya suke la ngano pamoja na herufi IPPC, kisha herufi mbili za nchi mbao zilikotibiwa, kama vile KE kwa Kenya, IN kwa India au CN kwa Uchina, kisha namba ya aliyezitibu, na mwishoni herufi za namna ya matibabu. Hizo za mwisho ndizo za kuzitazama kwa makini. HT maana yake ni kwamba mbao zilipashwa joto mpaka kiini chake kikafika nyuzi 56 za selisiasi kwa dakika 30 mfululizo, bila dawa yoyote. Hizo ndizo ninazozikubali katika karakana yangu. MB maana yake ni kwamba zilifukizwa kwa gesi ya methili bromidi, ambayo ni sumu, tena imo katika orodha ya kemikali zinazodhibitiwa na Itifaki ya Montreal kwa sababu huharibu tabaka la ozoni. Gesi hiyo hupotea hewani baada ya muda, lakini mimi sichukui mbao za MB kwa kazi ya chumba cha watoto, wala sioni sababu ya mtu kuzing'ang'ania ilhali za HT zinapatikana. Ukiona DB, hiyo yaeleza tu kwamba gome liliondolewa.

Kanuni hiyo haikuletwa ili kumsumbua mtu. Mwaka 1996 mbawakawa mwenye vipapasio virefu kutoka Asia aligunduliwa akiitafuna miti ya New York, na mwaka 1998 akaonekana Chicago. Alikuwa amesafiri ndani ya mbao za kufungia bidhaa. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba joto lile huua wadudu waliokuwamo siku hiyo tu. Halizuii wengine kuingia baadaye, hasa paleti ikikaa miezi kadhaa juu ya udongo nyuma ya bohari.

Kwa hiyo chapa peke yake haitoshi. Tafuta vitundu vya ukubwa wa kichwa cha pini, na unga mlaini kama wa mtama ukidondoka unapougonga ubao. Njia yangu ni kuulaza kila ubao juu ya karatasi nyeupe kwa wiki mbili au tatu, mahali pakavu penye kivuli. Ikiwa mdudu yumo na anabungua, unga utauona kwenye karatasi. Muda huohuo utatosha kuikausha mbao.

Zile zisizo na alama huenda zimetengenezwa humu nchini, na kwa kuwa hazikuvuka mpaka hakuna aliyelazimika kuzipiga chapa. Hazina ubaya kwa sababu hiyo tu. Mara nyingi huwa ni za saipresi au mkaratusi, na huo wa mkaratusi ni mgumu kwa msumari lakini huvutia ukishapigwa msasa. Zipime kwa macho na pua. Ama ile yenye doa jeusi, iache kabisa. Hakuna anayeweza kukwambia ni kitu gani kilichomwagikia pale, na mbao hunyonya. Usiipige randa, na usiitie jikoni kuwa kuni.

Kuhusu kubandua: paleti hupigwa misumari yenye mizunguko kama skrubu, iliyokusudiwa isitoke kamwe. Ile ya Ulaya yenye sentimita 120 kwa 80 ina misumari 78, kwa hiyo haishangazi kwamba nyundo ilikushinda. Usiing'oe misumari, ikate. Penyeza mtaimbo mdogo kati ya ubao na mti wa chini, upanue nafasi kidogo tu, kisha upitishe msumeno wa chuma uikate misumari hapo katikati. Vichwa vyake vitabaki ndani ya ubao, na doa la kutu linalokizunguka kila kimoja ni pambo ambalo watu hulilipia. Ukitaka kupiga randa, hata hivyo, ni lazima uvisukume vichwa hivyo vitoke kwa nyuma, la sivyo jino la randa litaharibika kwa mkupuo mmoja. Kama huna msumeno wa chuma, kata mbao kwa msumeno wa kawaida karibu na miti ya pembeni. Utapoteza sentimita chache kila upande, lakini utapata vipande vizima visivyo na ufa.

Vaa barakoa na glavu. Usipige msasa mbao kavu za bohari huku watoto wakiwa karibu.

MwashiWaAmu alijibu:

Namshukuru fundi wa Malindi kwa maelezo yake; nami nitalishika la ukuta, kwa sababu kazi yangu ni kukarabati nyumba hizihizi.

Mwanangu, usiutoboe ukuta wenye zidaka. Nalisema hili bila kuzungusha maneno. Ukuta huo una unene wa karibu nusu mita, nao ni mkusanyiko wa matumbawe ya maumbo tofauti yaliyoshikamanishwa kwa chokaa, kisha ukapigwa lipu ya chokaa tabaka juu ya tabaka. Keekee ya kugongagonga haichagui. Itapita kwenye lipu, itagonga jiwe, jiwe litacheza, na ule ufa utauona baada ya mvua za masika. Vile vipande vya plastiki vinavyotiwa tunduni kabla ya skrubu vimeundwa kwa ajili ya zege na tofali. Katika chokaa hulegea, mtu huongeza tundu, kisha huliziba kwa saruji, na hapo ndipo ugonjwa unapoanza, kwa kuwa saruji huzuia unyevu usitoke na chokaa iliyoizunguka humomonyoka. Huenda kumomonyoka unakokuona katika zidaka zenu kulianza kwa ukarabati wa namna hiyo hapo zamani.

Mji wetu uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na kazi yoyote ya kugusa lipu ya nakshi inafaa ipitie kwanza kwa maafisa wa uhifadhi wa Makavazi ya Kitaifa hapa Lamu. Watakuelekeza.

Ila hujakosa njia, kwa maana waliojenga nyumba hizi nao walikuwa na vitu vya kutundika. Chunguza kama kuta zenu bado zina vyango vya zamani vya mbao, vilivyopachikwa ukuta ulipokuwa ukijengwa. Vikiwa vizima, kibao chako cha funguo na mikoba kifunge kwenye vyango viwili kwa kamba, pasipo msumari. Rafu nyepesi unaweza kuining'iniza kutoka darini kwa kamba za makumbi, ukizizungusha kwenye boriti zenyewe. Mitepe, vyombo vya bahari vya zamani vya pwani hii, ilishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, ikabeba shehena. Kamba hiyo haiogopi chumvi. Kabla ya kufunga, igonge boriti kwa kifundo cha kidole: ikitoa sauti ya uwazi, au ukiona njia za udongo za mchwa pembeni yake, usiitwike hata taa.

Rafu ya vitabu isiwe ya kuning'inia. Vitabu vilivyojaa ubao wa mita moja hufika kilo 20 kwa wepesi, na watoto wataipanda. Iwe ya kusimama sakafuni, yenye kimo cha kiuno cha mtu mzima, na iachane na ukuta kwa upana wa vidole viwili ili hewa ipite na lipu ipumue.

KiluaNaAsumini alijibu:

Bi. BintiMkomani, mimi niko Malindi, upande wa Shela, na nimekuwa nikitengeneza vitu vya nyumbani kwa paleti tangu mume wangu alipoacha kazi ya bohari. Nataka kulitilia mkazo lile la karatasi nyeupe, kwa kuwa kuna gharama niliyoilipa nikijifunza.

Meza yangu ya kwanza niliitengeneza kwa haraka kabla ya Idi. Mbao nilizipata kwenye uwanja mmoja wa mizigo, zilikuwa nzuri kwa macho, nikazipiga msasa na vanishi siku mbili tu baadaye. Miezi minne ilipopita nilikuta vichuguu vidogo vya unga chini ya kila mguu. Meza ile niliichoma nikiitazama, lakini lililonitia simanzi hasa ni kwamba wadudu walikuwa wamekwisha kuingia katika mguu wa kitanda cha mama mkwe, kitanda cha kuchongwa alichoingia nacho nyumbani siku ya harusi yake. Tuliuokoa mguu ule kwa kuupaka maji ya boraksi mara kadhaa na kuuanika, ila alama za vitundu zimebaki. Tangu siku hiyo hakuna ubao unaopita mlango wangu kabla ya kumaliza wiki tatu uani, na kila ubao usiopakwa rangi huupaka maji ya boraksi pande zote kabla ya kuuunganisha.

Watu watakushauri upake oili chafu ya magari ili kufukuza mchwa. Hiyo ni ya nguzo za ua. Ndani ya nyumba usiikubali, kwani harufu yake haiishi na mtoto atashika kisha atie kidole mdomoni.

Jambo la mwisho ni la misumari na skrubu. Kwa hewa yetu ya chumvi, skrubu ya kawaida hutoa machozi ya kutu kabla ya mwaka kwisha, na machozi hayo hushuka juu ya ukuta mweupe. Nunua zilizopakwa zinki, au za chuma kisichoshika kutu ukiweza.

BintiMkomani aliandika:

Nawashukuru nyote kwa moyo wangu wote, na hasa wewe, Mzee Mwashi, kwa maana keekee ilikuwa tayari imeazimwa kwa jirani na leo asubuhi nimeirudisha.

Nimezikagua paleti zote sita. Mbili zina HT na herufi IN, moja ina HT na KE, moja ina MB, moja haina alama, na ya sita ndiyo ile yenye doa. Ile ya MB na ile ya doa nimezitenga, na ami amekubali kuzichukua. Nne zilizobaki ziko uani, nami nimezibandua kwa msumeno wa chuma: mbao 31 nzima na vipande vingine vya kutosha, na hakuna uliopasuka isipokuwa mmoja uliokuwa na fundo. Zimelala juu ya karatasi sasa.

Chumba cha ndani kina vyango vinne, na kimoja kinacheza. Nitavitumia vile vitatu kwa kibao cha funguo tu.

Yamebaki maswali mawili. Kioo cha bibi kina sentimita 90 kwa 60 na unene wa milimita 4. Ikiwa sitaupiga ukuta msumari, fremu itakaaje? Na je, mbao hizi laini zinaweza kuchukua nakshi kidogo, kama ya mlango wetu, ili fremu isionekane ngeni chumbani?

SeremalaMalindi alijibu:

Mbao 31 nzima kutoka paleti nne ni kazi safi, Bi. BintiMkomani, wako mafundi wasioifikia hesabu hiyo.

Nijibu la nakshi kwanza. Nyingi ya mbao za paleti za kigeni ni za jamii ya msonobari, na mti huo una mistari laini na mistari migumu inayopishana. Patasi ikiingia kwenye laini huzama, ikifika kwenye ngumu huruka, na ua unalolichora hutoka limemeguka petali. Milango ya Lamu imechongwa kwa miti mizito iliyoshikana, kama mtiki na mbambakofi. Ukitaka fremu ifanane na nyumba, usiuchoshe ubao kwa maua. Piga mfereji mmoja mwembamba kuizunguka fremu kwa ndani, na mwingine kwa nje, kwa patasi ya nusu sentimita na rula, kisha ishie hapo. Au tafuta kwa waunda majahazi vipande vya ubao wa jahazi lililovunjwa, uvipachike kwenye pembe nne. Mbao hizo zimeshiba chumvi na jua, na rangi yake ya kijivu itakaa vizuri na chokaa.

Sasa kioo. Kioo cha milimita 4 kina uzito wa karibu kilo 10 kwa mita ya mraba, kwa hiyo chako ni kilo 5 na nusu hivi, na fremu ya mbao nene itaongeza kilo nyingine 4 au 5. Huo ni mzigo wa kusimama sakafuni. Mbao mbili za wima ziwe na urefu wa sentimita 120 ili kioo kianzie juu ya sakafu kwa sentimita 20, na mbao mbili za ulalo ziunganishwe nazo kwa kukatwa kila moja nusu ya unene ili zilaliane, kwa gundi ya mbao na skrubu mbili kila pembe kutoka nyuma. Usizikate pembe kwa mshazari, kwani mbao za paleti hazilingani unene na mwanya utaonekana. Kioo kikae ndani ya mfereji uliotengenezwa kwa vipande vyembamba nyuma ya fremu, kikiachiwa milimita 2 kila upande, kwa kuwa mbao hutanuka wakati wa kusi, hewa inapokuwa na unyevu, na kioo kilichobanwa hupasuka chenyewe.

Kwa vile kuna watoto, fremu isiegemezwe hivihivi. Gongomea kipande cha mti chini kwa nyuma kiwe kisigino cha sentimita 15, na juu ifunge kwa kamba ya makumbi kwenye kile chango kizima kilicho karibu, kamba ikiwa imekazwa kiasi kwamba fremu haiwezi kuja mbele hata ikivutwa.

Kwa umaliziaji, tumia msasa namba 80, kisha 120, kisha 180 pale ambapo mikono hugusa. Paka mafuta ya kitani tabaka mbili nyembamba, ukiacha siku kati yake, na mara tu ukimaliza yatandaze matambara uliyopakia juu ya kamba ya nguo, yakauke moja moja. Tambara lenye mafuta ya kitani likikunjwa na kutupwa pembeni hupata joto lenyewe na laweza kuwaka moto usiku bila kiberiti. Meza ya msana wa tini, kwa kuwa itamwagikiwa kahawa, ipake vanishi badala ya mafuta, tabaka tatu, na uso wa chini pia, kwani ubao uliopakwa upande mmoja hupinda.

MwashiWaAmu alijibu:

Nyongeza moja. Kile chango kinachocheza usikitie saruji wala gundi. Kitoe polepole, loanisha tundu kwa maji, lijaze chokaa iliyochanganywa na mchanga mwembamba, kirudishe, na usikitundikie kitu kwa mwezi mzima. Kikishika, utakuwa na vyango vinne.